Mafua ya motari

Motari huyu, dereva wa pikipiki ya abiria, sitamtaja jina, kwa kuwa wenzake ni wengi mno kwenye barabara ya taifa namba 2, ile kilomita hamsini na kitu kati ya Butembo na Beni. Kila alfajiri, kabla hajanawa uso, chafya mfululizo: macho yanawasha, pua inatiririka maji meupe, homa hana. "Ni vumbi," husema, na nani atambishia? Kiangazi vumbi jekundu hufunika hata majani ya migomba.

Ila vumbi la barabarani husingiziwa mengi. Kama ndilo chanzo, mbona chafya humkamata kitandani, na akishika usukani pua inafunguka? Adui wake yumo ndani ya godoro: utitiri, vidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo kinyesi chao huuchokoza mwili wenye mzio. Butembo iko juu ya mita 1,700, ni baridi na unyevu, madirisha hufungwa usiku. Hapo utitiri hustawi.

Akanunua matone ya kuzibua pua. Siku za kwanza yalikuwa kama muujiza. Yakitumika zaidi ya siku chache, hayohayo huirudisha pua kuziba vibaya kuliko mwanzo, na mtu huongeza mengine. Alipoanza kukohoa usiku akahamia vidonge vya dexa (deksamethasoni), vinavyouzwa kwenye vibanda kama peremende. Dexa humpa mtu nafuu ya haraka huku ikimpandishia sukari na kumla mifupa, na akiwa ameizoea kisha akaiacha ghafla, mwili unaweza kuzimika.

Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu walioanzisha mpango wa ARIA, unaohusu mafua ya mzio na pumu. Hoja yao ni kwamba pua na mapafu ni njia moja ya hewa. Hadi watu 40 kati ya 100 wenye mafua ya mzio wana pumu pia, na wenye pumu wengi mno wana pua inayowasumbua. Pua ikiziba, mtu hupumulia mdomo. Hewa baridi isiyochujwa hushuka moja kwa moja kifuani.

Kifua cha motari wetu kilibana usiku wa manane, saa ambayo pumu huipenda. Huku kwetu usiku ni hatari ya pili. Beni imeishi na mauaji ya waasi wa ADF tangu 2014, mkoa umekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na giza likiingia pikipiki hazitembei. Yeye anayebeba wagonjwa wa wenzake alikosa wa kumbeba. Majirani wakambeba kwa machela hadi kituo cha afya.

"Papa, kifua kimeanza lini?" muuguzi akauliza.

"Wiki mbili hizi."

"Na pua?"

"Pua? Tangu nikiwa shuleni, lakini hayo ni mafua tu."

Alipona. Pikipiki iliuzwa kulipa deni la matibabu, na wateja wake wakazoea motari wengine. Dawa ya kupulizia puani na ya kuvuta kifuani, ambazo zingemgharimu kidogo kidogo kila mwezi, sasa anazitafuta akiwa hana kazi. Mama yake ameanza kuanika godoro juani na kufua mashuka kwa maji ya moto. Juzi alimpeleka kliniki kitinda mimba wake. Mtoto hakohoi kabisa. Anapiga chafya tu kila asubuhi.