Kusudi Jema na Njia ya Kulifikia

Masomo: Luka 14:28–30, Yakobo 4:13–15



Kila mwaka uanzapo twawasikia watu wa sharika zetu, tokea Tanga mjini hata Muheza, Pangani na Mkinga, wakisema, "Mwaka huu nitajenga," au, "Nitafungua duka," au, "Mwanangu ataingia chuo." Maneno hayo ni mema. Lakini mwaka ukizunguka, wengi huona msingi umeota majani, duka limefungwa, na deni limebaki. Wengine huona haya hata kuja ibadani, maana aliyewakopesha huketi benchi la mbele. Basi jambo hili si dogo, wala si la dunia tu. Na tulitafakari mbele ya Neno la Mungu: mtu aliye na kusudi jema achague njia gani ya kulipanga, apate kulifikia?

Bwana wetu, alipowafundisha makutano gharama ya kumfuata, alitwaa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Hakumlaumu kwa kuutaka mnara. Alimwonyesha jinsi afanyavyo vibaya akianza kazi kabla ya kukaa na kupima mali yake, hata msingi ukabaki pale kuwa kicheko cha wapitao. Naye Yakobo awaonya wafanya biashara wanenao habari za safari na faida ya mwaka mzima. Hawalaumu kwa kuwa ni wachuuzi, bali kwa kuwa wasema kana kwamba kesho ni mali yao.

Hivyo yapo makosa mawili. La kwanza ni kutopanga. La pili ni kupanga kana kwamba Mungu hayupo. Na wako wanaolifunika kosa la kwanza kwa maneno ya kumcha Mungu. Husema, "Mungu akipenda," nao hawajainuka kitandani. Ndugu, jina la Mungu si mkeka wa kulalia. Asemaye "Mungu akipenda" kwa haki ni yule aliyekwisha kupima, kutia nia na kushika jembe, ndipo akauacha mwisho wa kazi mikononi mwa Bwana.

Wenye elimu ya kazi wametunga njia nyingi za kupanga makusudi. Mwaka 1954 Peter Drucker, mwalimu wa Marekani, aliandika kwamba kila msimamizi yampasa ajue shabaha ya kazi yake, apimwe kwa hiyo. Mwaka 1968 Edwin Locke alionyesha kwamba mtu aliyepewa shabaha iliyo wazi, nayo ni ngumu, hufanya zaidi kuliko aliyeambiwa tu, "Jitahidi." Mwaka 1981 George Doran alizikusanya kanuni tano: kusudi liwe bayana, lipimike, liwe na mtu wa kulitimiza, liwezekane kwa mali iliyopo, na liwe na wakati wake. Hayo yote yana faida. Lakini jembe moja halifai kila udongo. Twataka kujifunza kwa kazi tatu za pwani yetu wenyewe, ili kila mtu aijue njia ifaayo kwa kusudi lake.

Kazi ya kwanza ni ile ambayo gharama yake yaweza kuhesabiwa tangu mwanzo, kama nyumba. Mwaka 1893 Wadachi walianza kujenga reli hapa Tanga. Kampuni iliyoshika kazi ilikusudia kufika Korogwe na kupita mbele hata bara. Ilipofika Muheza, mwendo wa kilometa 40 hivi, fedha zikaisha, kazi ikasimama. Tazameni mnara wa Luka 14, umelazwa juu ya mataruma! Mwaka 1899 serikali yao ikainunua reli hiyo, na baadaye ikasonga mbele hatua kwa hatua: Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Moshi mwaka 1911. Arusha ilifikiwa mwaka 1929, wakati wa utawala wa Waingereza.

Kwa kusudi la namna hii zile kanuni tano zafaa sana. Usiseme tu, "Nitajenga." Sema, "Hata mwisho wa Juni nitamaliza msingi wa vyumba viwili. Mawe ni kiasi hiki, saruji ni mifuko hii, fundi ni fulani, fedha zitatoka mahali hapa." Tena kila hatua iwe na faida yake yenyewe. Reli iliyoishia Muheza iliweza kuchukua watu na mizigo kati ya Muheza na bandari, ingawa Korogwe ilikuwa bado. Vivyo hivyo heri chumba kimoja chenye bati kuliko vyumba sita ambavyo dari yake ni mbingu. Watu wetu husema, mipango si matumizi. Nasi twaongeza, matumizi yasiyo na mipango ni shimo.

Kazi ya pili ni ile tusiyoijua bado. Katika miaka ya 1890 makampuni ya Wadachi yalifyeka misitu ya Usambara ya mashariki, yakapanda kahawa. Waliona miti mirefu, wakadhani udongo una nguvu nyingi. Kumbe rutuba ilikuwa juu juu. Fedha nyingi ziliingizwa kabla ardhi haijajulikana, na baada ya miaka michache kahawa ilidhoofika, mashamba mengi yakaachwa. Wakati ule ule, mwaka 1893, Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwenye miche 62 hawezi kujivuna. Yampasa aitunze, aiangalie, aizidishe kidogo kidogo. Na kutoka kwa hiyo michache, mwaka 1913 nchi hii ilipeleka ng'ambo zaidi ya tani 20,000 za katani.

Fundisho lake ni hili: katika jambo jipya, kusudi la kwanza lisiwe faida, bali maarifa. Locke, tuliyemtaja, na mwenzake Gary Latham wamefundisha vivyo hivyo, kwamba mtu aingiapo kazi ngumu asiyoijua, afadhali ajiwekee shabaha ya kujifunza. Kijana atakaye kufuga kuku asianze na vifaranga 300 kwa fedha za mkopo. Aanze na 30, na shabaha yake ya miezi mitatu iwe kujua chanjo, chakula, magonjwa, na bei ya soko la Mgandini. Wakifa kumi, amepoteza kidogo na kujifunza kingi. Wakifa 300, amepoteza na shamba la baba yake.

Lakini mkonge watufundisha neno jingine pia. Mwaka 1964 mavuno ya nchi yalipita tani 200,000, na Tanzania ilikuwa ya kwanza duniani. Kisha nyuzi za plastiki zikaenea, bei ikaanguka, na mambo mengine yakaongezeka juu yake, hata mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa karibu tani 20,000. Mashamba yalikuwa yale yale. Dunia ndiyo iliyogeuka. Basi hata kusudi lililofanikiwa lataka kupimwa tena kila mwaka. Asiyelipima huendelea kupiga mshale mahali ambapo shabaha imekwisha kuondolewa.

Kazi ya tatu ni ile ambayo mwisho wake haumo mikononi mwetu. Waangalieni mama zetu walimao mwani katika pwani hii. Hufunga mbegu kwenye kamba, na kamba kwenye vigingi, nao hushuka shambani wakati wa bamvu, maji yakupwapo sana. Baada ya majuma sita hivi huvuna. Bei haipangwi nao, bali na mnunuzi. Joto la maji halipangwi nao. Mwani uitwao kotonii, wenye bei nzuri, umekufa mahali pengi kwa joto na ugonjwa. Uitwao spinosamu huvumilia zaidi, lakini bei yake ni ndogo. Mama akisema, "Mwaka huu nitapata fedha kiasi hiki kwa mwani," amejifunga kwa jambo asilolitawala, na bei ikishuka moyo wake hushuka pamoja nayo. Bali akisema, "Kila bamvu nitafunga kamba 20, na kila nikiuza nitaweka akiba fungu moja katika kumi," shabaha yake imo mikononi mwake. Bei ikipanda hufurahi. Ikishuka, kazi yake haikuvunjika. Haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo afanyavyo mvuvi, na mchuuzi wa matunda, na mwenye kungoja mvua: apime kazi yake, si bahari.

Hata hivyo, njia yoyote tuichaguayo, tusiende peke yetu. Kusudi lililowazwa gizani hufa gizani. Ndiyo sababu wazee wetu walicheza upatu, na leo tuna vikundi vya kuweka na kukopa, ambamo kila mmoja huleta hisa yake mbele ya wenzake na kutoa hesabu. Ni jambo jema, tena la kindugu. Ila tuangalie: wako waliomo katika vikundi vitatu, wakikopa hiki ili kulipa kile. Huyo hana kusudi, ana mzunguko tu. Mshika mbili, moja humponyoka. Na mshika tatu huponyokwa na nyumba yake.

Na juu ya njia zote liko swali ambalo hakuna kanuni iwezayo kulijibu: kusudi lenyewe ni la nini? Katika Luka 12 yuko tajiri aliyepanga vizuri sana. Alijua mavuno yake, akapima ghala zake, akakusudia kujenga kubwa zaidi. Lakini katika mipango yake yote hakuwamo Mungu wala jirani, na usiku ule akatakwa roho yake. Martin Luther alifundisha kwamba kazi ya kila siku ya mkulima, ya mama nyumbani na ya mtawala ni wito utokao kwa Mungu, nayo humfikia jirani kama mkono wa Mungu mwenyewe. Basi kabla ya kuandika kiasi na tarehe, uliza: Kusudi hili likitimia, ni nani atakayeshiba pamoja nami? Na ili litimie, ni nani atakayelia?

Kwa hiyo, mwenye kusudi na akae na jamaa yake jioni moja, wasali, wajiulize haya. Kama gharama yajulikana, waihesabu, na kuigawanya kwa hatua na tarehe. Kama kazi ni mpya, waanze kidogo ili wajifunze. Kama mwisho wake wategemea bei, mvua au bahari, waweke shabaha katika kazi ya kila juma. Kisha wamwambie mtu mmoja mwaminifu, naye awaulize baada ya miezi mitatu.

Na wewe ambaye mwaka huu umeshindwa, ukajificha kwa sababu ya deni, lisikie neno hili nawe. Hatuhesabiwi haki mbele za Mungu kwa mipango iliyotimia, wala hatutupwi kwa ile iliyovunjika. Kristo hakuja kukagua vitabu vya maduka yetu, bali kutuokoa. Basi mwendee uliyemkopa, umwambie kweli, mpatane malipo madogo yawezekanayo. Kisha uje, uketi mahali pako ibadani. Na wewe uketiye benchi la mbele, mpishe ndugu yako nafasi, usimwangalie kwa jicho la mdai katika nyumba ya Baba ambaye sisi sote tu wadeni wake.

Mungu aliyetuumba tufanye kazi atupe nia njema, akili ya kuipanga, na moyo wa kuyapokea ayatoayo. Amina.