Je, Twende Uwanjani Wakati wa Ugonjwa?



Vijana wetu wametuuliza swali, nasi tumeona si vema kulijibu kwa haraka mlangoni baada ya ibada. Swali ni hili: ugonjwa wa kuambukiza ukiingia katika nchi, na mechi bado inachezwa, je, Mkristo aende kutazama? Wengine wanasema kwenda ni dhambi. Wengine wanasema kutokwenda ni kukosa imani. Janga la Korona lililoanza 2020 limepita, lakini tangu hapo Ebola na mpox zimeonekana tena kwetu Congo na hapa Uganda. Ni afadhali tulifikiri swali hili sasa, kabla ya siku ya hofu.

Kwanza tuseme wazi kwamba mpira si dhambi, wala si upuuzi. Katika makazi kama haya, ambamo mtu anaweza kukaa miaka kumi akingoja jina lake litajwe kwa safari isiyokuja, dakika 90 za mchezo ni pumziko la kweli. Uwanjani, vijana ambao baba zao walikimbiana kule nyumbani wanapeana pasi. Mama anayeuza mandazi na karanga kando ya uwanja anapata pesa ya sabuni. Anayewaambia vijana, "Acheni tu huo mpira," kana kwamba hawapotezi kitu, hajawaelewa. Kwa hiyo hatuchagui kati ya jema na baya. Tunachagua kati ya mema mawili, na hapo ndipo penye ugumu.

Tuangalie mechi mbili za Ulaya. Tarehe 19 Februari 2020, timu ya Atalanta ya mji wa Bergamo, Italia, ilicheza na Valencia ya Hispania katika uwanja wa San Siro, mjini Milan. Watazamaji walikuwa zaidi ya 40,000, wengi wao wametoka Bergamo. Atalanta ilishinda 4-1. Watu wakaimba, wakakumbatiana, wakarudi makwao. Siku mbili baadaye Italia ikatangaza kwamba Korona ilikuwa inaenea ndani ya nchi. Kabla mwezi mmoja haujaisha, magari ya jeshi yalikuwa yanahamisha majeneza kutoka Bergamo, kwa sababu mji ulikuwa umezidiwa na maiti.

Mechi ya pili ilichezwa 11 Machi 2020, kati ya Liverpool na Atlético Madrid, katika uwanja wa Anfield, Uingereza. Siku hiyohiyo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Korona ni janga la dunia nzima. Hispania ilikuwa imekwisha kuamuru mechi za ligi yake zichezwe bila watazamaji. Hata hivyo mashabiki wapatao 3,000 walisafiri kutoka Madrid, wakawa miongoni mwa watu zaidi ya 50,000. Kwao wasingeruhusiwa kuingia uwanjani. Kwa jirani wakaruhusiwa.

Tofauti ya mechi hizi mbili ni kujua. Wale wa Bergamo hawakujua kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha kuketi kati yao, nasi hatuwezi kuwahukumu. Lakini ilipofika 11 Machi dunia ilikuwa imesikia. Yakobo anafundisha kwamba mtu anayejua lililo jema naye asilitende, kwake huyo ni dhambi (Yakobo 4:17). Kadiri tunavyojua zaidi, ndivyo tunavyodaiwa zaidi.

Angalieni pia kwamba mechi zote mbili zilikuwa halali. Ndugu zetu wa Burundi wanakumbuka kwamba mwishoni mwa Machi 2020 ligi ya nchi yao ilikuwa miongoni mwa ligi chache duniani zilizokuwa bado zinachezwa. Ruhusa inamwambia mtu kwamba hatakamatwa. Haimwambii kwamba amempenda jirani yake. Wakorintho nao walikuwa na ruhusa ya kula nyama iliyouzwa sokoni, lakini Paulo aliwataka wafikirie kwanza faida ya mwenzao (1 Wakorintho 10:23-25).

Sasa tuje kwa wanaosema, "Mungu atatulinda." Amina, Mungu hulinda. Lakini shetani alipompandisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, alimtaka ajitupe chini kwa ahadi hiyohiyo ya ulinzi, na Yesu alikataa kumjaribu Mungu (Mathayo 4:5-7). Imani ni kumtegemea Mungu pale njia ya wajibu inapopita katika hatari. Muuguzi anayeingia katika wodi ya wagonjwa yuko katika njia hiyo. Binti anayemwosha mama yake mgonjwa yuko katika njia hiyo. Anayekwenda kushangilia bao hajaitwa huko na wajibu wowote. Asiuite mchezo wake imani.

Wengine, hasa wenye umri wetu, husema hivi: "Tumekimbia risasi, tumevuka ziwa usiku, leo tuogope homa?" Neno hili tunaliheshimu, kwa maana limetoka katika mateso. Lakini risasi ilitutafuta sisi wenyewe. Ugonjwa wa kuambukiza unatutumia sisi kuwatafuta wengine. Kijana mwenye nguvu anaweza kuugua siku tatu akapona, au asisikie kitu kabisa. Kisha anarudi katika nyumba ya chumba kimoja, ambamo wanalala watu saba, na kati yao yuko bibi mwenye kifua kibovu. Mtu wa mji mkubwa akiugua anaweza kujifungia katika chumba chake. Sisi chumba hicho hatuna. Bomba la maji ni moja, foleni ya mgao ni moja, na hospitali yenye mashine za kumsaidia mtu kupumua iko mbali. Kiingilio cha mechi analipa kijana, lakini deni linaweza kudaiwa kwa bibi, ambaye hata mchezo wenyewe hakuuona.

Hapa tunamkumbuka Daudi (2 Samweli 23:13-17). Alikuwa pangoni, na Wafilisti walikuwa wameshika Bethlehemu, mji wa kwao. Akatamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Sisi wakimbizi tunaijua kiu hiyo. Si kiu ya maji tu. Mashujaa watatu wakapenya katikati ya adui, wakateka maji, wakamletea. Daudi akakataa kuyanywa. Akayamimina mbele za Bwana, kwa sababu aliyaona kama damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Maji yalikuwa mema, na kiu yake haikuwa dhambi. Aliyaacha kwa sababu ya bei yake. Tena wale watatu walijitoa wenyewe kwa hiari. Wazee wetu na wagonjwa wetu hakuna aliyewauliza.

Lakini tusiwatwike vijana mzigo ambao sisi wazee hatuugusi. Virusi havitofautishi kelele za bao na wimbo wa kwaya. Tarehe 10 Machi 2020, katika jimbo la Washington, Marekani, watu 61 wa kwaya moja walikutana kwa mazoezi. Kati yao 53 waliugua, na wawili wakafa. Kwetu, Julai 2019, mgonjwa wa kwanza wa Ebola kuthibitishwa Goma alikuwa mchungaji aliyefika kwa basi akitoka Butembo. Hatumtaji ili kumlaumu. Tunamtaja ili watumishi wote tujue kwamba kazi yetu haitupi ngozi ya chuma. Kanisa likifunga uwanja na kuendelea kujaza watu katika mkesha, vijana watajua kwamba tulichokataa ni furaha yao, si ugonjwa. Sheria ya msongamano iwe moja kwa wote.

Basi tufanyeje? Ugonjwa ukitangazwa, kila mtu na ajiulize maswali matatu kabla ya kutoka nyumbani.

Kwanza, ugonjwa huu unasafiri vipi? Korona hupita katika pumzi, hasa ndani ya nyumba isiyo na hewa ya kutosha. Kwa hiyo kibanda cha video kilichojaa watu na kufungwa madirisha ni hatari kuliko kusimama kwa nafasi kando ya uwanja ulio wazi. Ebola na mpox huambukiza zaidi kwa kugusana. Hapo anayecheza naye ajiulize, si anayetazama tu.

Pili, nikirudi, nitalala karibu na nani? Asiyeishi na mzee wala mgonjwa ana uhuru zaidi kidogo, ila akumbuke foleni ya maji.

Tatu, je, nimewauliza walio nyumbani? Kama naona haya kumwambia bibi ninakokwenda, jibu nimekwisha kulipata.

Atakayeacha kwenda asiachwe peke yake. Mechi za mbali zisikilizwe kwa redio uani, watu wachache wachache. Wenye uwezo wamkumbuke yule mama wa mandazi, wanunue kwake nyumbani. Na atakayekwenda tusimtenge wala kumwita muuaji. Tumwonye kwa upole kama ndugu.

Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilisogezwa kutoka 2020 hadi 2021, na karibu mashindano yote yakafanyika bila watazamaji. Wanariadha walikimbia, na medali zikatolewa. Mchezo unaweza kungoja. Bibi akizikwa, hatuna namna ya kumrudisha nyumbani.

Bwana atupe hekima ya kuchagua, na upendo wa kuvumilia tulichokiacha. Amina.