Jina la Chura wa Príncipe

Katika Ghuba ya Gini, zaidi ya kilomita mia mbili kutoka pwani ya Afrika, kimo kisiwa kidogo kiitwacho Príncipe, kilichozuka kwa moto wa volkano kutoka chini ya bahari, wala hakijapata kuungana na bara tangu kuumbwa kwake. Na katika misitu yake anaishi chura wa mitini ambaye wataalamu humwita Leptopelis palmatus, mwenye umbo kubwa hata jike huweza kufikia sentimita 11. Habari ya kiumbe huyu hunishughulisha kwa kuwa ndani yake limo swali ambalo wanafalsafa wamelijadili karne nyingi bila ya kulimaliza: je, aina za viumbe zimo katika viumbe wenyewe, au zimo katika akili ya mwanadamu anayezipanga?

Aliyempa jina hilo la palmatus ni Wilhelm Peters wa Berlin, ambaye kabla ya hapo alikwisha kusafiri miaka kadhaa katika nchi ya Msumbiji, naye alimwandika mwaka 1868. Mwaka 1874 Anton Reichenow akamwandika chura wa pwani ya Kameruni, akamwita rufus. Wakaja wengine, wakawatazama hao wawili, wakaona jinsi walivyoshabihiana, wakahukumu kuwa ni kitu kimoja. Basi kwa muda mrefu jina la chura wa kisiwani likatandazwa juu ya misitu ya bara. Mwaka 1973 Jean-Luc Perret alitoa hoja kuwa ni aina mbili mbalimbali, na hoja yake ikakubaliwa. Makao ya palmatus, ambayo vitabuni yalikuwa yamevuka bahari hadi bara, yakarudi kuwa kisiwa kimoja tu, wala hakuna chura hata mmoja aliyehama mti wake.

Mwenye shaka atasema kuwa hiyo ndiyo dalili ya kutosha kwamba aina ni maafikiano ya wataalamu, na kwamba wakiafikiana vingine, aina nazo huwa nyingine. Naye anayo hoja ya kuongeza, kwani mwaka 2006 jamii nzima ya Leptopelis, pamoja na yule chura wa Amani katika milima ya Usambara aliyeandikwa na Boulenger mwaka 1909, ilitolewa katika ukoo uliokuwa umezoeleka ikatiwa katika ukoo wa Arthroleptidae. Mimi nakubali kuwa daraja za juu, koo na mfano wake, zina mengi ya mkono wetu. Lakini katika aina sikubali. Lau aina ingekuwa maafikiano matupu, Perret asingekuwa na kitu cha kuwaonyesha wenziwe ili waiache hukumu yao ya kwanza. Walirudishwa nyuma na miili ya vyura, na kisichokuwapo hakiwezi kumrudisha mtu nyuma.

Hata hivyo, ugumu mmoja siwezi kuupita. Kipimo ambacho wengi hukitegemea ni kuzaana: walio aina moja huzaana wakikutana, na wasiozaana ni mbalimbali. Lakini chura wa Príncipe na yule wa Kameruni hawakutani asilani, kwa sababu ngozi ya chura haihimili maji ya chumvi. Na kuhusu namna wahenga wake walivyofika kisiwani, wataalamu hudhani kuwa walichukuliwa na magogo na majani yaliyong'olewa na mito mikubwa ya bara yakasukumwa baharini. Safari hiyo mwingine ataiita sadfa, nami naiita kadari, lakini sote wawili twabaki na viumbe waliotengana muda mrefu mno, na swali la kuzaana kwao halijaribiwi na maumbile yenyewe. Hapo mwanadamu hulazimika kuhukumu kama kadhi asiyeshuhudia tendo, akikusanya dalili za umbo, za kimo na za sauti, hata zikiafikiana atamke. Na hukumu ya namna hiyo yaweza kuwa ya kweli ijapokuwa haina yakini ya macho.

Waumini tunaamini kuwa Mwenyezi Mungu alimfundisha Adamu majina, na mimi nafahamu kuwa mafunzo hayo yalikuwa amana, nayo amana huweza kukhiniwa hata bila ya kukusudia. Maana kisiwa chenyewe hakifiki kilomita za mraba 150, na sehemu kubwa ya misitu yake ya chini ilikwisha kufyekwa kwa mashamba ya kakao ya Wareno. Chura anayeandikwa kuwa yuko Kameruni, Gaboni na Kongo hakuna amwoneaye huruma akikatiwa mti wake Príncipe, kwa kuwa kitabu chasema wenziwe ni wengi ng'ambo ya bahari. Na miaka yote ambayo majina yale mawili yalihesabiwa kuwa moja, kitabu kilikuwa kikisema hivyo.