Saa za Kuingoja Ndege

Asubuhi hii namfikiria muuguzi wa zahanati ya mbali, kaskazini mwa Kenya. Shirika la afya la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957, huwafuata wagonjwa kwa ndege kutoka Nairobi, na tunalisifu kwa haki. Lakini saa ngumu kuliko zote ni za kuingoja ndege hiyo, na hizo ni za muuguzi. Mama amejifungua, damu haikomi. Muuguzi anamkanda tumbo ili mji wa mimba ukaze, anamdunga dawa, anatundika dripu, anapima presha tena na tena, anaandika barua ya rufaa. Papo hapo anatuma vijana wakafukuze mbuzi na ngamia uwanjani, maana uwanja wa changarawe usio na taa hautumiki usiku, na jua linakwenda. Tena nafasi ya ndugu ndegeni ni moja, pengine hakuna. Aende mume au mama mkwe? Kwa hilo nalo ndugu wanamtazama yeye aamue.

Ndege ikishaondoka, foleni ya kliniki ingali pale pale. Mara nyingi muuguzi hapati habari za mgonjwa wake. Mimi naona hospitali inayompokea mgonjwa inadaiwa shukrani na muuguzi, na imlipe kwa simu fupi: amefikaje, amefanyiwa nini, anaendeleaje.