Aliomba Mtumishi, Akafundishwa Tasbihi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwendo wao kwa wema mpaka siku ya malipo.



Tumeingia wiki za mwisho za muhula. Ukipita mabwenini saa nane za usiku utakuta taa bado zinawaka. Wako wanaosoma, na wako ambao daftari limefunguliwa mbele yao lakini macho hayaoni kitu. Huyu ada yake haijatimia, na bila kibali haingii chumba cha mtihani. Yule ana masomo mawili ya kurudia. Mwingine amepigiwa simu kwamba mama anaumwa, na kwao ni ng'ambo ya mpaka. Nauli ya basi kwenda na kurudi ndiyo pesa yake ya chakula ya mwezi mzima. Wengi wetu tumekuja hapa Uganda kutoka Tanzania, Kenya, Rwanda, Burundi na Kongo, na mtu akiwa mbali na kwao hata mzigo mdogo humwelemea.

Katika hali kama hiyo neno tunaloambiana sana ni "tawakali tu, ndugu yangu." Ni neno la haki. Lakini nimeona linavyotumiwa kwa namna mbili zisizo zake. Mmoja hulitumia kuacha kazi aliyopaswa kuifanya. Mwingine hulitumia kumnyamazisha mwenye dhiki, ili asisumbuliwe zaidi na habari zake. Kwa hiyo nimependa tulitazame neno hili kupitia kisa kimoja kilichotokea ndani ya nyumba ya binti wa Mtume (S.A.W.), kisa walichokipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ali bin Abi Talib (R.A.).

Mikono ya Bibi Fatma

Bibi Fatma (R.A.) alikuwa akisaga nafaka kwa mkono, kwa jiwe la kusagia, mpaka mikono ikamuuma. Riwaya ya Abu Daud inaongeza kwamba alikuwa akiteka maji kwa kiriba mpaka kamba ikamwacha alama kifuani, na akifagia nyumba mpaka nguo zikajaa vumbi. Akasikia kwamba baba yake ameletewa mateka. Akaenda kumwomba mtumishi wa kumsaidia. Hakumkuta, akamweleza Bibi Aisha (R.A.) haja yake, akarudi nyumbani.

Mtume (S.A.W.) alipopata habari hakungoja asubuhi. Aliwaendea usiku huo, wao wakiwa wameshalala. Walipotaka kuinuka akawaambia wabaki walipo, akaketi katikati yao, mpaka Ali akahisi ubaridi wa nyayo zake kifuani. Kisha akawafundisha jambo alilowaambia kuwa ni bora kwao kuliko mtumishi: kila wanapokwenda kulala walete tasbihi mara 33, tahmidi mara 33 na takbira mara 34. Jumla yake ni 100.

Ndugu zangu, tusilipite jambo hili haraka. Bibi Fatma hakuambiwa kwamba kazi yake ni nyepesi. Hakuambiwa kwamba kulalamika kwake ni udhaifu wa imani. Hakuna riwaya inayosema kwamba alikemewa kwa kuomba msaada. Baba yake alimfuata, akakaa naye pale pale penye uchovu wake. Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye dola na vita na wageni, alitoka usiku kwa sababu ya mikono ya mwanamke mmoja iliyochoka kusaga.

Kwa nini hakupewa mtumishi?

Katika riwaya aliyoipokea Imamu Ahmad, Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba hawezi kuwapa wao na kuwaacha watu wa Suffa wakiwa na njaa. Watu wa Suffa ni nani? Ni masikini waliokuwa wakiishi kwenye kibaraza cha msikiti wa Madina, wageni wasio na nyumba wala jamaa pale mjini, na wengi wao walikuwa wakijifunza dini. Kwa lugha yetu ya leo, walikuwa wanafunzi wa bweni wasio na mfadhili.

Hapa pana mafundisho mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza: nguvu ya kuubeba mzigo ni riziki pia, sawa na kuondolewa mzigo. Bibi Fatma asubuhi ya pili aliliendea jiwe lile lile. Kilichobadilika ni yule anayelisukuma. Mtu anayelala hali amemtakasa Mola wake, amemshukuru na amemtukuza mara mia, amelala akikumbuka kwamba iko nguvu iliyo kubwa kuliko jiwe. Takbira inasema Mwenyezi Mungu ni mkubwa zaidi, basi hata deni la ada ni dogo mbele Yake. Ali (R.A.) amesema hakuiacha tasbihi hiyo tangu siku aliyoisikia. Akaulizwa, hata usiku wa Siffin? Akajibu kwamba hata usiku wa Siffin, na ule ulikuwa usiku wa vita.

La pili, ambalo tunalisahau: kuwafundisha binti yake na mkwewe kutawakali hakukumfanya Mtume (S.A.W.) awaache wenye njaa kwa maneno matupu. Aliwashughulikia kwa chakula. Kwa hiyo ukimwona mwenzako hajala tangu jana, usimwambie atawakali ukaondoka. Huenda sababu ambayo Mwenyezi Mungu ameiandaa kwa ajili yake ni sahani yako ya posho na maharage. Tawakkul ni ya kujihimiza nafsi yako. Kwa ndugu yako, anza na mkono.

Ngamia, ndege na daftari

Imamu Tirmidhi amepokea kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake kisha atawakali, au amwache huru na atawakali. Akaambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Tena kutoka kwa Umar (R.A.) tumepokea mfano wa ndege: lau tungemtegemea Mwenyezi Mungu ipasavyo angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege, ambao hutoka asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba. Tazama neno "hutoka". Ndege hana ghala wala akiba, lakini hakai kiotani akingoja mdudu amfuate.

Basi ngamia wa mwanafunzi ni nani? Ni kuhudhuria darasa. Ni kwenda ofisi ya fedha kueleza hali yako kabla ya siku ya mwisho, si baada yake. Ni kumwona msimamizi wa utafiti hata kama sura iliyorudishwa imejaa wino mwekundu. Ni kumwomba mwenzako akueleze ulichokosa kuelewa. Ukishayafanya hayo umemfunga ngamia. Kamba inaweza kukatika, na hapo ndipo moyo unapotakiwa usikatike nayo, kwa kuwa haukuwa umefungwa kwenye kamba.

Mtume (S.A.W.) mwenyewe alipohama Makka alijificha siku tatu katika pango la Thawr, akamwajiri mjuzi wa njia ambaye hata hakuwa Muislamu, akapanga nani alete habari na nani alete chakula. Pamoja na yote hayo maadui walifika mpaka mlangoni pa pango. Sababu zote zilikuwa zimefika mwisho wake, na pale ndipo alipomtuliza Abubakar (R.A.) asihuzunike, kwa kuwa Mwenyezi Mungu yu pamoja nao. Utulivu ule haukutoka kwenye mpango, ingawa mpango haukuachwa.

Huzuni si kukosa imani

Wako ndugu wanaoona aibu kusema kwamba wamelemewa. Wanaogopa kuambiwa hawana imani. Kwao nasema: someni Suratu Yusuf. Nabii Yakub (A.S.) alilia mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, naye ni Nabii. Alisema kwamba anamshtakia Mwenyezi Mungu peke yake majonzi yake. Na baada ya hapo hakujifungia ndani. Aliwatuma wanawe wakamtafute Yusuf na ndugu yake, akawakataza kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Machozi, dua na kutafuta, vyote vitatu vilikaa katika moyo mmoja.

Anas (R.A.), aliyemtumikia Mtume (S.A.W.), anasimulia kwamba alikuwa akimsikia mara nyingi akiomba kinga na mambo manane: wasiwasi na huzuni, kushindwa na uvivu, ubahili na woga, uzito wa deni na kutenzwa nguvu na watu. Wanazuoni wanasema wasiwasi ni wa jambo linalokuja na huzuni ni ya jambo lililopita. Hebu yaangalie manane hayo, kisha yaangalie maisha ya chuo. Matokeo ya muhula uliopita, mtihani wa wiki ijayo, deni la ada, uvivu wa alfajiri: yote yamo. Kama Mtume (S.A.W.) aliyahesabu kuwa mambo ya kuombea kinga, si haki mimi au wewe kumcheka anayeyalalamikia. Na ikiwa dhiki imekuondolea usingizi na hamu ya kula kwa siku nyingi, mwone daktari au mshauri wa wanafunzi. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa, na maradhi ya moyo na akili nayo ni maradhi.

Kivuli cha Madyan

Nimalizie kwa kisa cha mgeni mmoja. Nabii Musa (A.S.) alifika Madyan akiwa amekimbia Misri, hana nyumba, hana kazi, hamjui mtu. Suratul Qasas inatueleza kwamba alikuta watu wakinywesha wanyama kisimani, na wanawake wawili wamesimama kando wakizuia kondoo wao. Pamoja na uchovu wa safari, aliwanyweshea. Kisha akaenda kivulini, na hapo akamwambia Mola wake kwamba yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia.

Hakutaja anataka nini. Hakuweka masharti wala tarehe. Na jibu likaja kwa miguu, akaja mmoja wa wale wanawake, anatembea kwa haya, akimwita kwa baba yake. Katika mwito huo mmoja Musa alipata chakula, amani, kazi ya miaka minane mpaka kumi, na mke. Mlango wake ulipitia kwa watu aliowasaidia akiwa yeye mwenyewe ndiye mwenye shida.

Basi tufanye nini katika wiki hizi? Nashauri mambo machache. Swala tuziswali kwa wakati wake, na tuzifanye mapumziko, Mtume (S.A.W.) alikuwa akimwambia Bilal awapumzishe kwa swala, wakati wengi wetu tunaswali ili tupumzike nayo. Usiku tuweke simu kando na tulete tasbihi ya Bibi Fatma kabla ya kulala, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ameufanya usingizi uwe mapumziko ya miili yetu, na asiyelala hasomi. Kila siku tumfunge ngamia mmoja tunayemkimbia. Na kila mmoja wetu amtazame jirani yake wa chumba cha pili, ajue kama amekula.

Suratu Sharhi ina aya 8 tu. Ndani yake Mwenyezi Mungu anamkumbusha Mtume Wake mzigo aliomwondolea mgongoni, na anarudia mara mbili kwamba pamoja na dhiki upo wepesi. Kisha anamwamrisha kwamba akimaliza shughuli ashike juhudi nyingine, na matumaini yake ayaelekeze kwa Mola wake. Raha ya muumini duniani haiko katika kumaliza kazi, kwani kazi haziishi. Iko katika kujua zinaelekezwa kwa nani.

Ewe Mola wetu, wafungulie wenzetu wenye madeni ya ada mlango wasioutarajia. Waponye wazazi wetu walio mbali nasi. Utupe elimu yenye manufaa, usingizi wenye utulivu na nguvu ya kuamka alfajiri. Usituachie nafsi zetu hata kwa kupepesa jicho, na utufanye sababu ya faraja kwa wengine. Amin.

Wabillahi tawfiq.