Kabla Hujainua Fimbo

Somo: Hesabu 22:21–35

Mwezi huu twataka kutafakari habari ya mnyama anayemkataa mpandaji wake: arukaye kwa mgongo uliokunjwa, au asimamaye kwa miguu ya nyuma, hata aliyempanda akatupwa mavumbini. Pengine mtu atauliza, Neno la Mungu lina shughuli gani na jambo la namna hii? Lina shughuli kubwa. Maana katika kitabu cha Hesabu Mungu alifumbua kinywa cha punda ili amfundishe nabii. Na mafundisho aliyoyatoa punda yule yatufaa sisi hata leo.

Sisi tukaao Kitete na pande zote za Tabora tumo juu ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Unyanyembe hata Ujiji. Katika njia ile farasi walikuwa wachache sana, nayo sababu twaijua. Ndorobo aliyejaa katika misitu yetu huwatia wanyama ugonjwa uitwao nagana. Chanzo chake kilijulikana mwaka 1895 kwa kazi ya mganga David Bruce huko Zululand. Mwaka 1871 Henry Stanley alitoka Bagamoyo na farasi wawili, mmoja wao zawadi ya Sultani Barghash wa Unguja. Wote wawili walikufa kabla hawajaenda mbali na pwani. Kwa hiyo mizigo ya njia ile ilichukuliwa kwa mabega ya watu, hasa wapagazi wa Kinyamwezi, na aliyetaka kupanda mnyama alipanda punda.

Na punda wale hawakuwa wapole. Richard Burton na John Speke walitoka pwani mwezi wa Juni mwaka 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka ule ule. Burton ameandika kwa uchungu jinsi punda wao walivyoshtuka, walivyosimama kwa miguu ya nyuma, walivyokimbia na kuruka hata mikanda ya matandiko ikakatika. Watu wa Unguja nao walikuwa na jina la punda wa bara: walimwita kiongwe, wakamhesabu kuwa mgumu kumtawala, si kama punda mweupe wa Maskati. Basi sifa ya ukaidi ilitangulia mbele ya mnyama wetu hata pwani.

Lakini na tuuseme ukweli wote. Punda wale walipewa mizigo mizito kwa matandiko mabovu, na mkanda wa tumbo ulioteleza hata ngozi ikachubuka. Walipitishwa katika mito na matope, wakaumwa na wadudu, na wengi wao wakafa njiani. Wahenga husema, shukrani ya punda ni mateke. Sawa, lakini yatupasa kuuliza kwanza, punda huyo alipewa nini cha kushukuru?

Sasa tumtazame Balaamu. Alikuwa akienda njia isiyompendeza Mungu, na malaika wa Bwana akasimama mbele yake mwenye upanga. Punda alimwona, nabii hakumwona. Mara ya kwanza punda aligeuka akaingia shambani, akapigwa. Mara ya pili, katika njia nyembamba kati ya kuta mbili, alijisonga ukutani akaubana mguu wa bwana wake, akapigwa tena. Mara ya tatu hapakuwa na nafasi ya kugeuka kuume wala kushoto. Akalala chini, naye Balaamu akampiga kwa fimbo yake kwa hasira kali. Ndipo punda akanena. Hakunena neno kubwa. Aliuliza tu amemtendea nini hata ampige mara tatu, na kama ilikuwa desturi yake kufanya hivyo siku zote alizompanda. Balaamu hakuwa na jibu ila la.

Ndugu zangu, angalieni swali lile la pili. Mnyama aliyekuchukua miaka mingi kwa amani, leo amebadilika. Je, si jambo la kuuliza? Mwenye haki, asema Sulemani katika Mithali 12:10, hujali maisha ya mnyama wake. Kujali ni kutaka kujua.

Basi wale wanaojua kazi hii hutufundisha mambo manne, nayo ni mambo ya hekima.

La kwanza ni kuangalia kabla ya kupanda. Inua tandiko upapase mgongo: hapana kidonda, wala mwiba, wala kishindo kilichoganda kama jiwe? Angalia mkanda wa tumbo, usiwe umekaza kupita kiasi wala kukunja ngozi. Fungua kinywa utazame meno na ulimi, maana lijamu lenye ncha hulia juu ya nyama. Tazama kwato. Tena fikiri kama mnyama amefungwa siku nyingi akilishwa bila kazi, au kama hajafundishwa kuchukua mtu. Ukiona maumivu, usimpande. Dawa ya kidonda si fimbo. Na katika habari ya punda ujue neno hili: farasi aogopapo hukimbia, bali punda aogopapo husimama. Watu huuita ukaidi. Mara nyingi anatazama kwanza kama njia ni salama.

La pili ni juu ya mnyama arukaye. Atakapo kuruka huinamisha kichwa na kukunja mgongo; kichwa kikiwa juu hawezi kuruka kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo mpandaji asiiname mbele, bali akae imara, visigino chini, mabega nyuma. Ainue kichwa cha mnyama, kisha avute hatamu ya upande mmoja taratibu, amzungushe, huku akimhimiza kwenda. Anayekwenda kwa kuzunguka hapati nafasi ya kukusanya nguvu za mgongo.

La tatu ni juu ya mnyama asimamaye kwa miguu ya nyuma, nalo ni la hatari kuliko yote. Mpandaji mwenye hofu hutafuta kitu cha kushika, akazivuta hatamu mbili kwa mikono miwili. Hapo ndipo watu hufa. Maana lijamu humvuta mnyama nyuma, naye hana miguu ya mbele ya kujitegemeza. Huanguka chali, na mtu yu chini yake. Mwenye akili hufanya kinyume cha hofu yake: huinama mbele, hulegeza hatamu, hushika manyoya ya shingo. Akiona mnyama anaanguka, hutoa miguu katika vikuku akateleza ubavuni. Lakini miguu ya mbele ikigusa chini, humwendesha mbele mara moja, kwa maana mnyama anayekwenda mbele hawezi kusimama wima.

La nne ni baada ya kutulia. Usimpige wakati huo. Hajui tena apigwa kwa ajili gani, naye atajifunza tu kwamba utulivu nao una adhabu. Wala usimwachie akushinde kwa desturi. Mnyama asiye na maumivu wala hofu, akiona kwamba kila akiruka hurudishwa zizini, ataruka kila siku. Mpe kazi ndogo anayoiweza, aifanye vizuri, ndipo umwachilie. Upole bila uthabiti humharibu, na uthabiti bila upole humvunja.

Haya si ya farasi na punda tu. Katika nyumba zetu kuna vijana wanaosimama kwa miguu ya nyuma. Jana mtoto alikuwa mtii. Leo hataki kwenda shule, ajibu kwa ukali, hatazami mama yake usoni. Baba afanyaje? Mara nyingi afanya kama Balaamu: hupiga mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, wala haulizi. Huenda mtoto yule ameona hatari asiyoiona baba yake. Huenda yuko mtu njiani au darasani anayemtendea uovu, naye hana maneno ya kuusema, ila kugeuka, na kujisonga ukutani, na kulala chini. Wazazi, nawasihi kwa ajili ya Kristo: kabla hujainua fimbo, inua tandiko. Mwulize mwanao swali la punda: je, ilikuwa desturi yako kufanya hivi? Kama sivyo, ni nini kilichokupata? Kisha nyamaza usikie.

Tena wako wazazi ambao, kijana akianza kupanda juu, hukaza hatamu zote mbili kwa hofu. Humfungia kila mlango, humkataza kila neno, hata wote wawili wakaanguka pamoja. Hofu huvuta nyuma. Upendo hulegeza mkono lakini haushuki. Hungoja miguu iguse chini, kisha humwongoza mtoto mbele kwa kazi anayoiweza. Na ninyi wazee wa kanisa, liangalieni jambo hili katika kuwaonya walioanguka. Mtu anayerudi kwa toba asipigwe wakati wa kurudi.

Wala tusiwasahau wanyama wenyewe. Katika nchi yetu ya Tabora na Shinyanga punda bado huchukua maji, kuni na mavuno. Thamani yake hujulikana sana anapopungua. Mwaka 2022 Serikali ya Tanzania ilikataza kuchinja punda kwa biashara ya ngozi, na mwezi wa Februari mwaka 2024 nchi za Umoja wa Afrika zilikubali katazo kama hilo. Sheria ni njema. Lakini sheria haioni kidonda kilicho chini ya shogi; chakiona yule aliyelifunga. Mkristo anayekuja ibadani Jumapili, na punda wake ana donda bichi Jumatatu chini ya madumu ya maji, na akumbuke kwamba malaika alimwuliza Balaamu kwa nini amempiga punda wake. Mbinguni mapigo yale yalikuwa yamehesabiwa.

Sasa tugeuze somo, maana hatujafika moyoni mwake. Hata hapa tumesimama mahali pa mpandaji. Lakini Zaburi ya 32, mstari wa 9, yatuonya sisi tusiwe kama farasi au nyumbu, wasio na akili, ambao lazima wazuiwe kwa lijamu na hatamu. Mnyama arukaye ni mimi, ni wewe. Daktari Martin Luther, katika kitabu alichomjibu Erasmus mwaka 1525, alisema kwamba mapenzi ya mwanadamu ni kama mnyama aliye kati ya wapandaji wawili. Mungu akimpanda, huenda atakako Mungu. Shetani akimpanda, huenda atakako Shetani. Wala mnyama hana uwezo wa kujichagulia bwana. Neno hili ni gumu kwa kiburi chetu. Twapenda kudhani kwamba hatuna mpandaji. Lakini mlevi amwambie jirani yake nani ameshika hatamu zake kila jioni. Mwenye chuki ya miaka kumi aseme nani amemfikisha mahali alipo.

Mpandaji yule mwovu hajui upole. Huchoma kwa visigino, huvuta mpaka damu itoke, kisha hukuacha shimoni. Lakini yuko Mwingine. Injili ya Marko, sura ya 11, yasimulia kwamba Bwana wetu aliagiza aletewe mwana-punda ambaye hapana mtu aliyempanda bado. Ninyi mliolea punda mwajua maana yake. Mnyama ambaye hajapandwa, siku ya kwanza, katikati ya makelele ya makutano, nguo zikitupwa miguuni pake na matawi yakitandazwa njiani: mnyama wa namna hiyo hushtuka. Wala Injili haisimulii habari ya mjeledi. Yasimulia tu kwamba walitandika mavazi yao, naye Yesu akaketi juu yake, wakaingia Yerusalemu.

Naye alikwenda wapi? Alikwenda msalabani, kuwafia walioikataa hatamu yake. Sisi tulipomtupa, hakuinua fimbo juu yetu. Mapigo yaliyotustahili aliyachukua mwenyewe mgongoni mwake. Kwa hiyo yeye peke yake ana haki ya kutupanda, na mzigo wake ni mwepesi. Akiuvuta upande mmoja wa hatamu leo, kwa ugonjwa, au kwa onyo la rafiki, au kwa neno lililosomwa kanisani, usikunje mgongo. Anajua shimo lililo mbele, nasi hatulijui.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeketi juu ya mwana-punda kwa upole, keti juu ya mapenzi yetu yasiyofundishwa. Utusamehe mapigo tuliyopiga kwa hasira, juu ya wanyama wetu na juu ya watoto wetu. Utupe macho ya kuona kidonda kabla mkono wetu haujainuka, na masikio ya kusikia wasio na maneno. Utuongoze mbele, hata tufike mji wako. Amina.