Andika Dola 12



Tafakari ya leo inatoka Injili ya Luka 16:1-13, ile habari ya wakili dhalimu. Kama una Biblia karibu, fungua uisome kwanza, halafu urudi tuendelee. Mimi nimeisikia ikisomwa kanisani tangu nikiwa mtumishi wa altare, na miaka yote niliona inawahusu wengine: matajiri, wahasibu, wanasiasa. Mwaka huu imenikuta mimi, tena kwenye baiskeli.

Ngoja nieleze. Nipo mwaka wa uchungaji katika parokia moja ya milima ya Usambara. Vigango ni sita, na kile cha mbali kipo kilomita 14 kutoka parokiani, barabara ya udongo mwekundu, kupanda na kushuka. Pikipiki ni moja na ni ya paroko, maana wagonjwa hawasubiri. Baiskeli ya kawaida huku unaipandisha kwa kuisukuma na unaishusha kwa kusali. Nilianguka mara mbili mwezi wa kwanza, mara ya pili nikiwa na vitabu vya mafundisho ya watoto. Vitabu vikalowa, mimi nikachubuka.

Hapo ndipo nilipopata wazo la kuunda baiskeli ya milimani. Mpya ya dukani sikuiweza. Lakini fremu ya alumini niliipata kwenye mtumba, nzuri tu, ya magurudumu ya inchi 26. Vilivyobaki nikapanga kuviagiza mtandaoni kutoka China kimoja kimoja: foku yenye springi ya hewa, kitovu cha mbele cha kufungia breki ya diski, mnyororo, kaseti ya gia 9. Hela nilichangiwa. Mjomba wangu alitoa, vijana wa VIWAWA walifanya harambee, na mama mmoja wa jumuiya yetu alifungua pindo la khanga akanipa shilingi 2,000, akaniambia, "Frateri, usianguke tena." Naomba mumkumbuke huyo mama, nitamrudia.

Sasa, wale mliowahi kuunda baiskeli mnajua: shughuli yote ni vipimo. Gurudumu wanaliita inchi 26, lakini ukisoma ubavuni mwa tairi utakuta namba 559, ndiyo milimita za kipenyo pale tairi linapokaa kwenye rimu. La 27.5 ni 584, la 29 ni 622. Haviingiliani hata umbembeleze fundi. Shingo ya foku nayo kuna iliyonyooka, milimita 28.6 juu mpaka chini, na kuna inayonenepa kuelekea chini. Fremu yangu ni ya zamani, inataka iliyonyooka. Hata kwenye ekseli ya pedeli, kikombe cha beringi cha upande wa mnyororo kinakazwa kinyume, kushoto. Usipojua hilo unaharibu nyuzi za fremu na habari inaishia hapo.

Kwa hiyo nilipima. Niliazima vernia kwa fundi wa mashine za kusaga, nikapima fremu nzima, nikaandika kwenye daftari. Muuzaji alipotuma picha ya foku nilimwomba atume nyingine yenye rula pembeni. Nilimsumbua wiki nzima. Sikutaka kudanganywa hata milimita moja.

Tulipokubaliana bei, dola 84, akaniandikia ujumbe: "Rafiki, kwenye karatasi ya forodha niandike nini? Nikiandika zawadi utalipa kidogo."

Nilifikiri kama sekunde tano. Nikamjibu: "Andika zawadi. Andika dola 12."

Foku ilikuja baada ya wiki sita. Nikaenda posta mjini. Kama hujawahi kuiona, vifurushi vya kutoka nje vinakuja na fomu ya forodha, CN23, ya utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani. Ina sehemu ya kueleza kilichomo, thamani yake, na vijisanduku vya kuweka alama: zawadi, bidhaa, sampuli, nyaraka. Chini mtumaji anasaini kwamba aliyoyaandika ni kweli. Yangu ilikuwa na alama safi kabisa kwenye zawadi.

Mama wa dirishani akafungua boksi, akaitoa foku, akaigeuza geuza. Akaniuliza, "Hii ni zawadi?"

"Ndiyo, mama."

"Umepewa na nani?"

"Na rafiki, yupo China."

Akautazama msalaba niliokuwa nimeuvaa kifuani. Akaitazama foku tena. Akagonga muhuri, nikalipa hela ya chai, nikaondoka nimefurahi kama mtu aliyeokota.

Baiskeli ikakamilika, na ilikuwa tamu! Jumamosi ile nilifika kigango cha mbali bila kushuka kwenye kiti hata mara moja. Watoto wa kipaimara wakaizunguka, wanabonyeza foku ipande ishuke. Mada ya siku ile, kwa mpangilio wa paroko na wala si wangu, ilikuwa amri ya saba na ya nane. Usiibe, usiseme uongo. Kabla sijaanza, mtoto mmoja akanyoosha kidole: "Frateri, hii baiskeli umenunua bei gani?"

Nikaona nikitaja bei nitaonekana nina hela. Nikasema, "Nimepewa zawadi."

"Na nani?"

Nikajibu, "Na Mungu."

Watoto wakapiga makofi. Nikafundisha amri ya nane, nikarudi parokiani, na usiku ule sikulala.

Ndugu yangu kijana, mimi nimesoma falsafa. Kwenye mtihani wa maadili niliandika vizuri tu kwamba Mt. Agostino alitunga vitabu viwili vizima kuhusu uongo, na kwamba Mt. Tomaso wa Akwino anaugawa uongo katika makundi matatu: wa utani, wa manufaa na wa kudhuru, na kwamba yote matatu ni dhambi ingawa uzito wake haulingani. Ule wa manufaa ndio hasa wa dola 12. Maksi zangu zilikuwa nzuri. Lakini usiku ule nililala macho nikihesabu: niliandikisha uongo kwa mkono wa mtu mwingine, nikaurudia mwenyewe dirishani, nikawaambia watoto, na mwisho nikamweka Mungu awe mdhamini wake. Hatua nne, na ya kwanza ilichukua sekunde tano.

Asubuhi nikafungua Luka 16. Angalia yule wakili anafanya nini. Anawaita wadeni wa bwana wake mmoja mmoja. Mwenye deni la vipimo 100 vya mafuta anaambiwa achukue hati yake aandike 50. Mwenye vipimo 100 vya ngano aandike 80. Nilipofika hapo nikaacha kusoma. Kumbe ni ileile! Karatasi, namba, na mtu anayesema, "Andika kidogo." Miaka yote nilidhani ni habari ya wakubwa serikalini, kumbe ni habari ya kifurushi changu.

Wengi tunakwama pale bwana anapomsifu yule wakili. Tunajiuliza, ina maana Yesu anasifu wizi? Hapana. Kinachosifiwa ni kwamba alitumia akili kujiandalia kesho yake, na Yesu anasikitika kwamba watu wa nuru hawatumii akili namna hiyo kwa ajili ya uzima wa milele. Halafu papo hapo, mstari wa 10, anafundisha kuhusu mambo madogo: ulivyo katika dogo ndivyo ulivyo katika kubwa, kwa uaminifu na kwa udhalimu pia. Yesu haoni kama kuna watu wawili ndani yangu, mmoja wa mambo madogo na mwingine wa mambo makubwa, eti yule wa pili atajitokeza siku nikipewa daraja takatifu na kukabidhiwa hesabu za parokia. Ni mimi huyuhuyu. Aliyeandika 12 badala ya 84 ndiye atakayeshika sadaka za watu.

Nilikwenda kuungama. Padre ana wajibu wa kutunza siri, lakini mimi niliyeungama naweza kusema langu. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Hiyo hela iliyopungua, ni ya nani?" Nikanyamaza. Katekisimu, namba 2409, inaweka ukwepaji wa kodi pamoja na kughushi hundi na ankara katika orodha ya makosa dhidi ya amri ya saba. Na kosa la amri ya saba halimalizwi kwa kusikitika tu. Kilichochukuliwa kinarudishwa. Zakayo alilijua hilo akiwa bado nyumbani kwake na Yesu.

Jumatatu nikarudi posta na risiti ya dola 84. Nilidhani mama yule atanisifu. Wapi! Alivuta pumzi akasema, "Frateri, unaniongezea kazi." Ikabidi amwite mkubwa wake, makaratasi yakatafutwa, nikaambiwa nirudi kesho. Siku ya pili wakapiga hesabu upya, ushuru pamoja na VAT ya asilimia 18, nikalipa tofauti, elfu hamsini na kitu. Nilipokuwa nasaini, yule mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Siku ile nilijua. Foku kama ile haiwezi kuwa dola 12. Ila niliona msalaba, nikanyamaza."

Wapendwa, hayo maneno yaliniuma kuliko ile elfu hamsini. Nilidhani nimesema uongo peke yangu. Kumbe nilimvuta na mama wa watu, mtu mzima, mwenye kazi yake ya haki, akaacha wajibu wake kwa heshima ya msalaba niliouvaa. Kanisa lina neno la jambo hilo: kwazo. Msalaba wa Bwana mimi niliugeuza kitambulisho cha kupitia dirishani bila kuulizwa. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Yameisha, Frateri, nenda salama."

Najua wengine mnasema moyoni: "Frateri, kodi zenyewe si zinaliwa na wakubwa?" Swali ni la haki. Kodi ikitumiwa vibaya, Mkristo anatakiwa kusema, kuuliza, kupiga kura, hata kushtaki. Lakini hayo yote yanafanyika mchana, kwa jina lako. Kuandika "zawadi" kwenye boksi hakumwajibishi mkubwa yeyote, kunampunguzia tu makali ya kesi yake, maana kesho akisema wote tunafanya hivyo atakuwa anasema kweli. Soma Mathayo 17:24-27. Yesu anaeleza waziwazi kwamba wana hawadaiwi ile kodi ya hekalu, lakini anamtuma Petro akavue samaki, na sarafu inayopatikana inalipa ya wote wawili, ili wasiwe kwazo. Aliye Mwana alilipa. Mimi frateri nani?

Sasa baiskeli. Ile elfu hamsini ndiyo ilikuwa hela ya diski ya nyuma. Kwa hiyo mpaka leo mbele nina breki ya diski na nyuma nina ile ya zamani ya kubana rimu, na mvua ikinyesha naushuka mteremko wa mwisho kwa miguu, nimeishika usukani. Yule mama wa shilingi 2,000 aliniona akauliza mbona nashuka, si tulikuchangia? Nikamweleza yote, kuanzia dola 12 mpaka posta. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Haya. Basi shuka polepole."

Na Jumamosi iliyofuata niliwaambia watoto wa kipaimara kwamba foku ile sikupewa, niliinunua kwa dola 84, na kwamba niliwadanganya. Hawakupiga makofi. Yule aliyeuliza akasema tu, "Sawa, Frateri." Tukaendelea na somo.

Wiki hii nakuomba ujiulize mambo matatu, ukiwa umekaa mbele ya Ekaristi au kitandani kabla ya kulala:

1. Ni karatasi gani yenye jina langu ina namba au neno lisilo la kweli? Fikiria CV, fomu ya mkopo wa chuo, risiti ya safari ya kikundi, umri kwenye cheti.

2. Nani alilazimika kunyamaza kwa sababu yangu?

3. Kuna kitu natakiwa kukirudisha? Kwa nani, na lini?

Tusali. Ee Bwana Yesu, wewe ndiwe ukweli. Unajua namba zetu zote, tulizoziandika na tulizozificha. Utupe moyo mmoja kwa mambo madogo na makubwa, na ujasiri wa kurudi dirishani. Uwabariki wanaofanya kazi katika forodha na posta, wasinyamazishwe na alama yoyote tunayoivaa. Mt. Mathayo, uliyeitwa ukiwa umeketi penye ushuru, utuombee. Amina.

Tuombeane. Nanyi mnaoshuka mteremko kwenye mvua, polepole jamani.